Nairobi hadi Nanighi: Kilomita za angani na muda wa safari

Mafuriko yalipoikata barabara ya Nairobi–Garissa katika eneo la Madogo mnamo Novemba 2023, na kuikata tena Aprili 2024, wakazi wa bonde la Mto Tana walijionea jinsi umbali unavyoweza kuongezeka bila mji wowote kuhama. Tarehe 28 Aprili 2024, mashua iliyokuwa ikivusha abiria ilizama karibu na Mororo na watu wakapoteza maisha. Katika hali kama hiyo, mgonjwa mahututi husalia na njia moja tu, nayo ni ya angani.

Je, Nanighi, iliyo kando ya mto huo kusini mwa mji wa Garissa, iko umbali gani kutoka Nairobi kwa ndege? Hesabu yake ni nyepesi kuliko inavyodhaniwa. Marubani hupima mwendo kwa maili za baharini. Maili moja ya aina hiyo, yaani kilomita 1.852, ni sehemu moja kati ya 60 za digrii ya mzingo wa dunia. Kwa hivyo digrii moja ni kama kilomita 111. Nairobi iko karibu na longitudo 36.8 mashariki na Nanighi karibu na 39.9, zote zikiwa kusini kidogo mwa ikweta. Tofauti hiyo ya digrii tatu na ushei ni takriban kilomita 350.

Njia hii ya mkato hutufaa sisi tulio jirani na ikweta. Huko New Delhi, India, digrii ya longitudo imepungua hadi kilomita 98 hivi, kwa kuwa mistari hiyo hukaribiana kadiri inavyoelekea kwenye ncha ya dunia.

Lakini kujua kilomita si kujua muda. Kutoka Delhi hadi Mumbai ni takriban kilomita 1,140, na jeti yenye kasi ya kilomita 800 kwa saa ingezimaliza kwa dakika 85. Hata hivyo, ratiba huonyesha zaidi ya saa mbili, maana muda huhesabiwa tangu ndege iondoke kwenye maegesho hadi iegeshwe tena. Ndani yake mna foleni ya kuruka, kupanda polepole, na pengine kuzunguka angani ikingojea zamu ya kutua.

Nanighi hakuna foleni. Huko msumbufu ni upepo. Ndege ndogo kama Cessna Caravan huenda karibu kilomita 300 kwa saa, hivyo ingehitaji saa moja na dakika 10. Ikikabiliwa na upepo wa mashariki wa kilomita 40 kwa saa, itachukua dakika 81. Ikirudi nao mgongoni, dakika 62. Kwa mgonjwa anayevuja damu, dakika hizo 19 si haba.

Tena ndege hiyo sharti ipate pa kutua. Kiwanja cha udongo kikilowa, magurudumu huzama, na rubani hulazimika kuelekea Garissa au Hola, au kazi iachiwe helikopta. Ndiyo sababu, kabla ya kuruka, rubani hujaza mafuta ya kumfikisha aendako, ya kumpeleka kwenye kiwanja cha pili, na akiba juu yake. Uzito wa mafuta hayo hupunguza shehena anayoweza kubeba, zikiwemo dawa.