> au ≥? Hako Kamstari Kadogo Ndiko Huamua Nani Anaingia na Nani Anabaki

Uko stage ya Nyeri, mathree ya Karatina inajaza. Ni ya abiria 14. Makanga anakuambia, "Ingia, imebaki mmoja." Bila kujua, ushaanza kufanya ile hesabu iliyokutoa jasho shuleni.

Tuanze na alama mbili. < ni "ndogo kuliko", > ni "kubwa kuliko". Usikariri, angalia mdomo tu: upande uliofunguka unaangalia namba kubwa, ncha inadunga ile ndogo. Kwa Mlima Kenya, kilele cha Batian kina mita 5,199. Lenana, kile wasee wengi wakitokea Nanyuki hupanda, kina 4,985. So 5,199 > 4,985. Ukigeuza uandike 4,985 < 5,199, maana ni ile ile.

Sasa weka kamstari chini. ≥ ni "kubwa kuliko au sawa na", ≤ ni "ndogo kuliko au sawa na". Kwa mat yetu, abiria ≤ 14. Wakiwa 13 ni sawa, 14 pia sawa, 15 ni ngori. Ukitoa kamstari, abiria < 14, lazima kiti kimoja kikae bure.

Unadhani hako kamstari ni pambo? Cheki Katiba ya 2010, Kifungu cha 138. Kushinda urais raundi ya kwanza, lazima upate zaidi ya nusu ya kura: > 50%. Hamsini kamili haitoshi. Lakini kwenye zaidi ya nusu ya kaunti 47, yaani 24 kwenda juu, unahitaji angalau robo ya kura: ≥ 25%. Hapo 25 kamili inakubalika. Kifungu kimoja, alama mbili tofauti. Na si mchezo: 2013 IEBC ilimtangaza Uhuru Kenyatta na asilimia 50.07, 2022 ikamtangaza William Ruto na 50.49. Wote walivuka kwa chini ya pointi moja.

Kwa hivyo kwa mtihani, sikiza maneno. "Zaidi ya" ni >. "Chini ya" ni <. "Angalau" ni ≥. "Isiyozidi" ni ≤. Kupiga kura, umri ≥ 18, so ukifikisha 18 leo, uko ndani.

Mtego wa mwisho ni namba hasi. Wewe uko na Fuliza ya soo mbili, beste yako ya soo tano. Nani ako poa? Ni wewe: -200 > -500. Ndio maana ukizidisha pande zote kwa namba hasi, alama inageuka. 200 < 500, lakini -200 > -500.

Leo ukienda home, hesabu vichwa kwa mat. Ukipata abiria 15, ≤ imevunjwa, na hapo si marks unapoteza. Ni maisha yako umeweka barabarani.