Usawiri wa Mhusika wa Kike na Uchangamano wa Kimaadili katika Filamu ya Maleficent

Makala hii inakusudia kuchunguza namna mhusika wa kike wa kingano anavyobadilika kimaadili anapohamishiwa kwenye filamu. Mfano wetu ni Maleficent (2014), iliyoongozwa na Robert Stromberg kwa mswada wa Linda Woolverton. Ni rahisi kudai kwamba filamu hii imemkomboa mhusika wake kwa kutueleza chanzo cha uovu wake. Hoja yetu ni kwamba chanzo peke yake hakitoshi.

Katika ngano iliyochapishwa na Charles Perrault nchini Ufaransa mwaka 1697, mhusika huyu hana jina. Ni ajuza mwenye nguvu za miujiza ambaye hakualikwa kwenye ubatizo wa binti mfalme, kwa kuwa alidhaniwa amekufa au amerogwa. Akiona amedharauliwa, anamwapiza mtoto afe kwa kuchomwa na kijiti cha kusokotea nyuzi. Baadaye nafasi ya mwovu inashikwa na mama mkwe, zimwi jike linalotaka kuwala wajukuu wake. Filamu ya Walt Disney ya mwaka 1959, Sleeping Beauty, ilimwacha mama mkwe huyo, ikampa mwapizaji jina la Maleficent na kumbakiza hadi anapojigeuza joka na kuuawa na mwana wa mfalme. Nafasi yake imepanuka, lakini kimaadili angali mhusika bapa.

Filamu ya 2014 inampa historia. Stefan, mwanamume aliyempenda, anamlevya kwa dawa na kumkata mabawa ili apate kurithi ufalme. Maleficent analipiza kisasi kwa kumwapiza Aurora, binti wa Stefan. Lau filamu ingeishia hapo, tungekuwa na udhuru tu: mwanamke aliyetendwa naye akatenda. Kuonewa kwake kungetueleza kitendo chake bila kumwachia wajibu wowote.

Uchangamano unazaliwa katika tukio jingine. Akimwapiza mtoto, Maleficent alitamka kwamba hakuna nguvu yoyote duniani itakayoweza kuitangua laana hiyo. Miaka inapita, anamlinda mtoto kwa siri na hatimaye anampenda. Anapojaribu kuitangua laana, anashindwa: neno lake mwenyewe linamfunga. Hapa yeye ni mdhulumiwa na mdhalimu kwa wakati mmoja, na wa pili hawezi kufutwa na wa kwanza. Busu lake kwenye paji la uso ndilo linalomwamsha Aurora, baada ya lile la mwana wa mfalme kushindwa; lakini busu hilo linatanguliwa na majuto, wala si na haki ya kulipwa.

Hata hivyo, ukombozi huu una gharama ya kifani. Stefan, aliyeanza kama kijana maskini mwenye tamaa na kusitasita, anaishia kuwa mwendawazimu asiye na jambo la kujitetea. Wale wanawake watatu wanaomlea Aurora wanafanywa vichekesho. Ubapa aliovuliwa Maleficent umevishwa wengine.

Kwa hiyo, anayehakiki filamu za aina hii asitosheke kuuliza iwapo mhusika wa kike amepewa sababu ya kutenda uovu. Aulize pia iwapo ameachiwa uwezo wa kuwajibika kwa alilolitenda, na ni nani aliyebebeshwa uovu alioutua.