Kiota Kimoja, Koo Mbili

Katika parseli za Kalemie, mji wa Kongo ulio kando ya Ziwa Tanganyika, mama anapopepeta mchele au kutwanga muhogo, huja ndege mdogo mwekundu akaokota chenga karibu kabisa na miguu yake. Wataalamu humwita Lagonosticta senegala. Dume ndiye mwekundu. Jike ana rangi ya udongo. Kiota hukitia kwenye nyasi za paa, tundu la ukuta au miti ya ua, na dume na jike hupokezana kuatamia. Ndege wachache humzoea binadamu kiasi hiki, na ndiyo maana wengi wanaompenda hufikiria kumnasa na kumfungia. Naona huo si urafiki. Anayetaka kumjua ndege huyu amwache alipo na atege sikio, kwa sababu ndani ya maisha yake yamefungamana maisha ya ndege wa pili.

Huyo wa pili ni Vidua chalybeata. Msimu wa kuzaliana dume lake huwa jeusi lenye mng'ao wa bluu, huku jike likifanana na shomoro. Hajengi kiota. Jike hutaga katika kiota cha yule mwekundu, kisha wenye nyumba humlea kinda mgeni pamoja na wa kwao. Alama za ndani ya mdomo wake zinafanana na za makinda wao, basi analishwa kama wao. Linalostaajabisha zaidi huja baadaye. Dume akishakua, hupanda tawi tupu la juu na kuimba, pamoja na nyimbo za jamii yake, wimbo wa baba aliyemlea. Robert Payne wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, aliuliza: wimbo huo umo katika damu, au hufundishwa kiotani? Aliwapa ndege hawa walezi wa jamii nyingine kabisa. Madume wakaimba nyimbo za walezi hao wapya. Majike nao, kama alivyoeleza katika matokeo ya mwaka 2000, wakavutiwa na madume wenye nyimbo hizo na kutaga katika viota vya walezi hao. Kwa hiyo kiota ndicho shule: humo dume hujifunza la kuimba, na jike hujifunza wa kumpenda na mahali pa kutaga. Anayekivunja kiota kimoja amezigusa koo mbili.

Mtu atasema: mbona Payne mwenyewe alitumia vizimba? Alivitumia kwa swali ambalo porini halijibiki, maana huko damu na malezi havitengani. Lakini kwa madume walio huru alikwenda Lochinvar, Zambia, akasikia kwamba majirani huimba nyimbo zilezile, na kwamba nyimbo hizo hubadilika mwaka hadi mwaka. Hilo kizimba kisingemwonyesha. Mwingine atauliza kwa nini tumhurumie ndege anayedandia viota vya wenzake. Kinda wake hawaui wenzake kiotani, tofauti na kinda wa kekeo, na makinda wa aina zote mbili huweza kukua pamoja. Kuhusu nafaka, ndege huyu mwekundu hula hasa mbegu ndogo za majani zilizoanguka chini. Tusimtwike kosa la makundi ya kwelea kwelea yanayomaliza mashamba. Wapo pia wanaoona kwamba ndege wa kuchunguzwa ni wa milimani, kama Apalis kaboboensis wa Mlima Kabobo, kaskazini mwa mji, ambaye Alexandre Prigogine alimtambulisha mwaka 1955. Heshima yake ni haki yake. Ila kuzisikia nyimbo zikibadilika miaka nenda rudi kunamtaka mtu anayeamka mahali palepale kila siku, na mtu huyo ni mwenye parseli. Je, madume wa Kalemie na wa Moba, mji mwingine wa ziwa hilo, huimba nyimbo zilezile? Na maji ya ziwa yanapomeza nyumba za ufukweni, wale waliofunzwa katika kuta hizo huenda kuimbia wapi?

Basi ukikikuta kiota kwenye paa unalotaka kuezeka upya, ahirisha kazi. Tangu yai la kwanza hadi makinda kuruka ni mwezi mmoja na siku chache tu. Watoto wenye manati nao waelezwe ni nani anayelelewa humo.