Kuhifadhi, Kunakili na Kuhamisha: Istilahi za Data za Zamani na Funzo la Masjala

Kitenzi kuhifadhi kimebebeshwa kazi nyingi katika Kiswahili cha kompyuta. Mwandishi anapomaliza barua yake huihifadhi. Fundi anapotoa nakala ya data ili zisipotee mtambo ukiharibika, naye husemwa kuwa amezihifadhi. Hali kadhalika, ofisi inapoziondoa data za zamani katika mfumo wa kila siku na kuziweka mahali pengine pa kutunzia, kitendo hicho pia huitwa kuhifadhi. Vitendo hivi vitatu hutofautiana kwa lengo na kwa matokeo, na kuvichanganya kuna hasara.

Hasara hiyo hudhihirika katika mifumo ya kusimamia huduma za TEHAMA. Katika mifumo hiyo, kila hitilafu inayoripotiwa, kila ombi la mtumiaji na kila badiliko la mtambo hufunguliwa jalada. Jalada huonyesha nani aliripoti, nini kilifanyika, nani aliidhinisha na lini shauri lilifungwa. Miaka ipitapo, majalada yaliyofungwa huyazidi mno yaliyo wazi. Utafutaji huzorota, na kazi ya kunakili hifadhidata hurefuka. Ndipo agizo hutolewa kwamba data za zamani zihifadhiwe.

Agizo hilo lina utata. Fundi akilielewa kuwa ni kutoa nakala rudufu, atanakili hifadhidata nzima, kisha atafuta majalada ya zamani. Aghalabu, hata hivyo, nakala rudufu hutunzwa kwa mzunguko: mpya huchukua nafasi ya ile iliyokwisha muda wake. Mzunguko ukitimia, majalada hayo hayapo tena popote, ingawa hakuna aliyekusudia yapotee. Mkaguzi akiuliza nani aliidhinisha badiliko fulani, ofisi haina jibu.

Uhamishaji ulio sahihi una taratibu zake. Kwanza, huteuliwa majalada yaliyofungwa, yaliyopitisha muda uliowekwa, na yasiyofungamana na shauri lililo wazi. Pili, kila jalada huhamishwa pamoja na viambatisho na viungo vyake, kwa kuwa jalada la hitilafu likitenganishwa na jalada la badiliko lililoisababisha hupoteza sehemu kubwa ya maana yake. Tatu, idadi na maudhui ya vilivyohamishwa hulinganishwa na asili. Kufuta huja baada ya hapo, wala si kabla. Nne, majalada huwekwa mahali yanapoweza kutafutwa na kusomwa bila kubadilishwa, yakiwa na tarehe ya kupitiwa upya.

Ofisi za Afrika Mashariki zilikuwa na tofauti hizi kabla ya kompyuta. Masjala haikuacha majalada yaliyofungwa yasongamane na yale ya kazi ya siku. Nchini Tanzania, Sheria Na. 3 ya mwaka 2002 ndiyo inayosimamia eneo hili, na jina la Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa lenyewe latenganisha mambo mawili: kumbukumbu hutokana na shughuli za ofisi, ilhali nyaraka ni sehemu yake iliyoteuliwa kutunzwa daima kwa thamani yake. Si kila kilichozeeka hustahili kudumu. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, zinazuia taarifa za watu kukaa kupita muda wa haja yake.

Kwa msingi huo, kuhifadhi kwaweza kubakia kwa kazi ya mwandishi na faili lake, na nakala rudufu kwa kinga dhidi ya ajali. Jalada lililofungwa na kuondolewa katika mfumo wa kila siku laweza kuitwa jalada tuli, na neno nyaraka likaachiwa kile kilichoteuliwa kudumu. Agizo la kuhamisha majalada tuli halimwachii fundi nafasi ya kudhani kwamba ameambiwa anakili na kufuta.