Kabla Mtoto Hajahamia Pwani

Asubuhi, vyombo vya wavuvi vinaporudi Kendwa, ufukweni huwa na mikono mingi midogo. Huyu anashika kamba, yule anabeba ndoo ya samaki, mwingine anasukuma ngalawa ipande mchangani. Ujira ni kitoweo cha kupeleka nyumbani, au shilingi chache. Jua likishapanda na wageni wakatoka hotelini, kuna mizigo ya kubeba na vikuku vya kuuza. Skulini, dawati moja liko tupu.

Kendwa iko wilaya ya Kaskazini A, Unguja, kiasi cha kilomita 60 kutoka Mji Mkongwe. Kilikuwa kijiji cha wavuvi kabla hoteli hazijakizunguka. Mtoto hapa hukua akiwaona mapapasi, vijana wanaowahangaikia watalii ufukweni, wanaozungumza Kitaliano walichojifunzia mchangani, nao hawarudi nyumbani mikono mitupu. Mwambie asome ili apate kazi, naye atakuonesha kazi.

Skuli yenyewe haikufungwa mlango. Tarehe 23 Septemba 1964, miezi minane baada ya Mapinduzi, Mzee Abeid Amani Karume alitangaza elimu bure Zanzibar. Ugumu wa leo uko ndani ya darasa. Sera ya Elimu ya 2006 ilipunguza elimu ya msingi kutoka miaka 7 hadi 6, ikaelekeza hesabu na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Mtoto ambaye bado anasoma Kiswahili kwa kukokota silabi anafika hapo na kukuta ukuta. Hasemi kwamba haelewi. Anaanza kukosa.

Daftari la mahudhurio huonesha hayo mapema. Kwanza inakosekana alama ya Jumatatu. Wiki mbili baadaye zinakosekana mbili, kisha mstari mzima unabaki mweupe. Wengi husema mtoto "ameacha skuli" wanapouona ule mstari mweupe, ilhali alianza kuondoka tangu ile Jumatatu ya kwanza.

Hapo ndipo msaada unapotakiwa, nao unajulikana. Nchini India, shirika la Pratham huwagawa watoto kwa muda fulani wa siku kulingana na wanachokijua, bila kujali umri wala darasa. Wa kutambua herufi wanakaa pamoja, wa kusoma aya pamoja. Abhijit Banerjee na Esther Duflo, waliopata Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2019 pamoja na Michael Kremer, walipima mbinu hiyo na kukuta waliobaki nyuma wananyanyuka kweli.

Kremer na Edward Miguel walifanya utafiti mwingine karibu zaidi na kwetu, Busia, Kenya. Katika skuli 75 walizozifuatilia, pale watoto walipopewa dawa za minyoo utoro ulipungua kwa robo. Jambo hilo linaihusu Kaskazini A, ambako kichocho, nacho ugonjwa wa minyoo, kimewasumbua watoto wa vijiji kama Chaani na Kinyasini. Mtoto mwenye maumivu na damu katika mkojo hastahili kuitwa mvivu.

Na aliyekwisha kutoka skuli? Zanzibar iliwaruhusu wasichana waliojifungua kurudi darasani miaka mingi kabla ya Tanzania Bara, ambako ruhusa ilitoka Novemba 2021. Lakini ruhusa haimlei mtoto mchanga: msichana anahitaji bibi au shangazi wa kubaki naye mchana. Kwa kijana anayetaka kazi ya mikono, kituo cha mafunzo ya amali kipo Mkokotoni, wilaya hiyo hiyo.

Kijiji nacho kina nguvu yake. Nahodha anaweza kukataa kumpa kamba mtoto anayesoma mkondo wa asubuhi kabla skuli haijatoka. Mwenye hoteli anaweza kulipia tuisheni ya hesabu. Mwalimu anayeiona Jumatatu ya kwanza anaweza kupiga hodi nyumbani jioni ile ile, akakaa barazani na mzazi, akauliza kwa upole mtoto alikuwa wapi, na kesho yake atakaa na nani amfundishe zile silabi.