Sakafu za Mbao Ngumu: Namna ya Kuzipaka Rangi ya Kupenya kwa Usalama

Katika baadhi ya nyumba za zamani za watumishi, kumbi za mikutano na makazi ya watu binafsi, sakafu za mninga, mvule, mkongo au mtiki zingalipo. Sakafu ya namna hiyo ikitunzwa hudumu kwa miongo mingi. Ikikwanguliwa ovyo huisha kabla ya wakati wake, kwa kuwa kila msasa unapopita huondoa sehemu ya unene wa ubao isiyorudi tena. Makala haya yanaeleza jinsi kazi hiyo inavyofanywa, pamoja na hatari ambayo wakazi wengi hawaitambui, nayo ni moto.

Tofauti ya rangi ya kupenya na vanishi

Vanishi hukaa juu ya ubao na kufanya utando. Utando huo ukichubuka, aghalabu sakafu nzima hulazimika kupigwa msasa upya. Rangi ya kupenya huingia katika vinyweleo vya mbao pamoja na mafuta yanayoibeba, ikabadili rangi ya ubao bila kuficha mistari yake. Haibanduki kama magamba, na mahali palipofifia huweza kupakwa upya pasipo kugusa chumba kizima. Hata hivyo, rangi nyingi za namna hii hazitoshi peke yake kuzuia maji na mikwaruzo, hivyo huhitaji kukingwa kwa mafuta ya sakafu, nta au vanishi.

Kuitambua mbao

Mninga na mkongo zina rangi yake nzuri ya asili, na mara nyingi mafuta yasiyo na rangi huzitosha. Mtiki una mafuta yake ya ndani yanayoweza kuzuia rangi isikauke vizuri. Kwa sababu hiyo hufutwa kwa kitambaa chenye tina na kupakwa mara tina inapokauka. Mbao zenye vinyweleo vikubwa hunywa rangi nyingi na kuwa nyeusi zaidi kuliko ilivyotarajiwa. Ndiyo maana rangi hujaribiwa kwanza mahali pasipoonekana, kama vile chini ya kabati, na kutazamwa siku inayofuata, mchana.

Maandalizi

Misumari iliyochomoza huzamishwa kabla ya msasa kuanza. Msasa hupigwa kwa kufuata mkondo wa nyuzi za mbao, ukianza na namba 40 au 60, kisha 80, na kumalizia na 100 au 120. Msasa laini kupita kiasi huziba vinyweleo na kuzuia rangi isiingie. Baada ya vumbi kuondolewa, tone la maji hudondoshwa juu ya ubao. Likinywewa, sakafu iko tayari. Likisimama kama shanga, huenda nta au vanishi ya zamani ingalipo. Ubao uliolowa uachwe ukauke kabisa kabla ya kupakwa.

Upakaji

Kopo hukorogwa hadi chini, kwa kuwa rangi hutuama. Kazi huanzia ukuta ulio mbali na mlango, mbao mbili au tatu kwa wakati mmoja, kutoka mwisho mmoja wa ubao hadi mwingine, ili pasitokee alama za maungio. Rangi huachwa kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, ambao mara nyingi ni dakika 5 hadi 15, kisha ile iliyobaki juu hufutwa yote kwa kitambaa kikavu. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika: rangi isiyofutwa hubaki ikinata na hushika vumbi. Mkono wa pili, au kinga ya juu, husubiri hadi rangi ikauke. Kwa rangi za mafuta ni kawaida kungoja saa 24 au zaidi, hasa wakati wa mvua.

Hatari ya matambara

Mafuta ya kitani na mengine yanayofanana nayo hukauka kwa kuungana na oksijeni ya hewani, na muungano huo hutoa joto. Juu ya sakafu joto hilo hutawanyika. Katika matambara yaliyorundikwa pamoja hujikusanya, nayo yanaweza kuwaka yenyewe baada ya saa kadhaa, bila kiberiti wala cheche, wakati watu wa nyumbani wamelala. Matambara hayo yatandazwe nje, moja moja, hadi yakauke na kuwa magumu, au yatiwe katika debe la chuma lenye maji na mfuniko. Wakati wa kupaka, madirisha yafunguliwe na jiko la mkaa liwekwe mbali. Moto ukitokea, watu watoke kwanza, kisha Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lipigiwe simu namba 114.

Vumbi na mabaki

Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka vumbi la mbao miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu. Vumbi la mvule pia huwasha ngozi na njia ya hewa. Fundi avae barakoa, na watoto wakae mbali. Rangi ya zamani iliyofunika sakafu huenda ina madini ya risasi, hivyo isipigwe msasa ikiwa kavu. Mabaki ya rangi na tina yasimwagwe katika mifereji wala karibu na visima.

Maswali kwa fundi

Kabla ya kutoa malipo ya awali, mwenye nyumba au kamati ya jengo la umma imuulize fundi: ubao umebaki na unene gani, jaribio la rangi litafanyika wapi, sakafu itakingwa kwa nini, na matambara yatawekwa wapi jioni. Fundi anayeifahamu kazi yake hatasita kujibu, na majibu hayo yaandikwe katika makubaliano.