Lori Kuukuu na Feni ya Hita Isiyozunguka

Barabara itokayo Nakuru kwenda Eldoret hupanda hata ikafika Timboroa, mahali palipo karibu futi 9,000 juu ya usawa wa bahari. Alfajiri huko baridi huwa kali na ukungu huwa mzito. Dereva wa lori apitapo hapo, pumzi yake na ya utingo wake hugusa kioo cha mbele kilicho baridi, ikageuka matone madogo ya maji, na kwa dakika chache kioo chote huwa cheupe. Kazi ya hita ni kukikausha kioo hicho. Basi hita si kitu cha starehe tu. Ni chombo cha usalama kama taa zilivyo, na feni yake ikinyamaza haifai kupuuzwa.

Namna hita ifanyavyo kazi si vigumu kuielewa. Maji ya moto yatokayo katika injini hupitishwa ndani ya rejeta ndogo iliyo chini ya dashibodi. Feni izungushwayo na mota ya umeme husukuma hewa ipite katika rejeta hiyo, nayo hewa hupata joto na kupanda hata kwenye kioo. Kwa hiyo yapasa kutofautisha magonjwa mawili. Ikiwa feni yavuma lakini hewa ni baridi, ugonjwa u katika maji. Ikiwa feni haivumi kabisa, ugonjwa karibu siku zote u katika umeme, na huo ndio uelezwao hapa.

Wenye malori wengi hukimbilia kununua mota mpya, kumbe kosa lilikuwa waya mmoja ulioshika kutu. Umeme ni kama maji ya mfereji wa shamba. Hutoka kwenye betri, hupita katika fyuzi, swichi na mota, kisha hurudi kwenye betri kwa njia ya chuma cha bodi. Mfereji ukiziba mahali pamoja tu, maji hayafiki. Fundi mwenye busara huufuata mfereji tangu mwanzo mpaka mwisho, wala habahatishi.

Chombo kitakiwacho ni taa ya kupimia, yaani balbu ndogo yenye waya mbili. Balbu hiyo na iwe ya nguvu sawa na betri za gari, kwa maana malori mengine hutumia volti 12 na mengine 24. Tena yafaa kutazama ni upande gani wa betri uliofungwa kwenye bodi. Katika magari mengi ni upande wa hasi, lakini magari mengi ya Kiingereza ya miaka ya 1950 yalifungwa upande wa chanya. Kabla ya kufungua au kubadili waya wowote, waya wa betri uendao kwenye bodi hufunguliwa kwanza. Hurudishwa wakati wa kupima tu.

Kwanza ni fyuzi. Ufunguo ukiwa umewashwa, waya mmoja wa taa hushikizwa kwenye chuma safi cha bodi, na wa pili hugusishwa kila ncha ya fyuzi. Taa ikiwaka pande zote mbili, fyuzi ni nzima. Ikiwaka upande mmoja tu, fyuzi imekatika. Isipowaka popote, umeme haufiki hata hapo. Fyuzi mpya na iwe ya kipimo kile kile. Kuweka fyuzi kubwa zaidi, au kufunga karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara mahali pake, ni kuzikaribisha waya ziungue na lori liteketee. Fyuzi mpya ikikatika tena, kuna waya uliochunika ukagusa chuma, au mota imekwama.

Pili ni swichi na rizista. Rizista ni kipande kinachopunguza nguvu za umeme ili feni izunguke polepole. Ikiwa feni yazunguka kwa mwendo wa mwisho tu, na miendo midogo imekufa, rizista ndiyo iliyoungua, na mota haina kosa.

Tatu ni njia ya kurudi. Katika lori kuukuu hapa ndipo penye kosa mara nyingi, kwa sababu ya kutu na matope. Waya mnene huungwa kwa muda kutoka mota hata kwenye ncha ya betri iliyofungwa kwenye bodi. Swichi ikiwashwa na feni ikazunguka, basi dawa ni kukwangua kutu mahali waya wa mota unapofungwa kwenye bodi, na kukaza skrubu yake.

Mwisho ni mota yenyewe. Huungwa moja kwa moja na betri kwa waya mbili, mmoja ukiwa na fyuzi. Isipozunguka, huenda majani makavu au kiota cha panya kimeikwamisha feni. Ikizunguka baada ya kugongwa polepole kwa mpini wa bisibisi, brashi zake za kaboni zimelika. Hapo ndipo fedha za mota mpya, au za kuitengeneza ya zamani, zitumiwe.

Kioo kikifunga ukungu safarini kabla feni haijatengenezwa, madirisha yafunguliwe kidogo na kioo kipanguswe kwa kitambaa kikavu. Dereva asipoona njia, na aliondoe lori barabarani kabisa na kungoja jua. Lakini mtu asiingize jiko la makaa ndani ya kebini kwa ajili ya kupata joto. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huweza kuwaua watu waliolala pasipo wao kuamka. Baridi ya usiku mmoja huvumilika kwa blanketi, na asubuhi fundi huanza kazi yake kwenye fyuzi.